Harufu ya Siku ya Pili

Ukifunua majani ya mgomba yaliyofunika muvure wa urwarwa, pombe ya ndizi, siku ya pili, harufu ya ndizi mbivu inayokupanda puani ni kali kuliko ile ya ndizi zenyewe zilipotolewa shimoni. Ajabu ni kwamba wakati huo ndizi hazimo tena. Zimekwisha kukamuliwa, makapi yamepewa mbuzi, na kilichobaki chomboni ni maji yake matamu na unga wa mtama uliokaangwa. Sasa nani anayetengeneza harufu ya ndizi mahali pasipo na ndizi?

Ni hamira. Mtu asiyeamini aulize habari za Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ambako kuna bia ya ngano inayonukia ndizi waziwazi, na haijawahi kutiwa hata kipande cha ndizi. Kinachonukia kina jina refu la maabara: asetati ya isoamili. Ni mojawapo ya esta, viungo vinavyozaliwa asidi na alkoholi zinaposhikana na kuachia maji. Matunda mengi, nanasi, tufaha, pera, yana esta zake. Ndizi hutengeneza yake kwa kimeng'enya chake inapoiva, hamira hutengeneza ileile kwa kimeng'enya kingine, na pua haina namna ya kujua ipi imetoka wapi. Wala nyuki hawajui: mwaka 1962 ilibainika kwamba asetati ya isoamili imo katika harufu ambayo nyuki aliyechoma huitoa ili wenzake waje kusaidia. Ndiyo maana si busara kumenya ndizi mbivu karibu na mzinga.

Nazungumzia urwarwa wa pwani ya Burundi, ukanda unaoshuka kando ya Ziwa Tanganyika kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac na kuishia Kabonga, mpakani na Tanzania. Ng'ambo, Kongo, pombe hii wanaiita kasiksi. Kagera ni rubisi. Mikono ni tofauti kidogo kila mahali, lakini kazi ni moja, na mimi sijaona kazi ya jikoni ambayo vijiumbe wasioonekana wanaongozwa kwa adabu kama hii.

Huanza na shimo. Ndizi za pombe hazikuumbwa kwa ajili ya sahani. Utomvu wake unakausha ulimi. Mikungu hutoka vilimani, upande wa Vugizo na juu zaidi, ikateremka kwa baiskeli au kichwani. Shimo huchimbwa kimo cha kiuno, ndani yake huwashwa moto wa majani makavu mpaka kuta zishike joto. Moto ukiisha hutandikwa majani ya mgomba, vichane hupangwa kwa kubanana, hufunikwa kwa majani mabichi, na juu ya yote hufukiwa udongo. Siku tatu au nne, tano kama hali ya hewa ni ya baridi. Moshi una ethilini, gesi ileile ambayo tunda hujitolea lenyewe likitaka kuiva, na shimo lililofunikwa huizuia isitoroke. Mle gizani wanga, ambao katika ndizi mbichi ni kama sehemu ya tano ya nyama yake, hugeuka sukari karibu wote. Fundi hafukui shimo kwa kuhesabu siku tu. Huondoa udongo kwenye pembe moja, huingiza mkono, hubonyeza ndizi moja na kuinusa. Ikiwa ngumu hurudisha udongo. Zikipitiliza nyama hulainika mno, na kazi inayofuata huharibika.

Kazi hiyo inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ndizi zilizomenywa humwagwa ndani ya muvure, gogo kubwa lililochongwa likawa hori refu lenye kina kifupi. Juu yake hutupwa mafungu ya ishinge, nyasi ndefu, kavu, zenye makali. Kisha hukandwa, kwa mikono au kwa miguu iliyooshwa ikatakata. Mwanzoni hakuna kinachotokea. Mkandaji anasukuma, anageuza, anakunja nyasi ndani ya nyama, na anachopata ni bonge zito linalonata. Mtu mgeni angesema kazi imeshindikana na kuomba maji. Fundi haongezi maji. Anaendelea, jasho linamtoka, mpaka ghafla bonge linaachia: nyama inashikamana na nyasi, na maji meupe, karibu ya kung'aa, yanaanza kuchuruzika upande wa chini wa gogo. Kiwanda cha maji ya matunda kingefika hapo kwa pektinasi, kimeng'enya kinachovunwa kutoka kwa ukungu uitwao Aspergillus niger, ambacho hukata gundi inayozishikilia chembe za tunda. Fundi wa ishinge hana pektinasi. Ana nyasi na subira, na maji anayopata ni safi kiasi cha kukuwezesha kuona mishipa ya mti chini ya muvure.

Maji hayo, umutobe, hayajawa pombe. Katika ukanda huu wenye misikiti mingi kuna watu ambao safari yao na ndizi inaishia hapo: wanakunywa kibakuli cha umutobe siku ile ile, wanashukuru, wanaondoka. Wanaobaki wanasubiri. Umutobe usiotiwa maji kabisa huwa isongo, kali, ya heshima. Uliozimuliwa huwa urwarwa wa kila siku.

Sasa huingia mtama. Hukaangwa mpaka ubadilike rangi, husagwa, hunyunyizwa juu. Ukiuliza faida yake utaambiwa rangi, ladha na nguvu, na yote ni kweli, kwa maana punje huja na vijiumbe vyake na chakula chao. Lakini mtama una jambo jingine. Protini yake ina leusini kwa wingi kupita nafaka nyingi, na leusini ndiko asetati ya isoamili inakoanzia. Mjerumani Felix Ehrlich alionyesha mwaka 1907 kwamba alkoholi nzito zilizomo katika pombe hutokana na asidi amino: hamira huzinyang'anya naitrojeni inayoihitaji, na mabaki huyageuza alkoholi na kuyatupa nje. Mabaki ya leusini ni alkoholi ya isoamili. Peke yake inanuka vibaya, mnuko wa kukwaruza koo. Hamira ikishaibandika asetili, inakuwa ndizi. Sithubutu kusema ni kiasi gani cha leusini ya unga uliokaangwa kinaifikia hamira katika siku mbili. Ninachosema ni kwamba nafaka iliyochaguliwa haikuchaguliwa vibaya.

Kimeng'enya kinachofanya ubandikaji huo kina jeni linaloitwa ATF1. Lilitengwa mwaka 1994 na watafiti wa Japani, nchi ambayo sake yake bora husifiwa kwa harufu ya matunda, kwa hiyo walikuwa na sababu nzuri ya kulitafuta. Tangu hapo tabia zake zimechunguzwa sana, na ukizisoma huku unamkumbuka mtu wa muvure, unatabasamu. Kimeng'enya hiki kinapenda joto: chachu ikichemka penye joto, esta huongezeka. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari na pwani yake ina joto usiku na mchana, wakati vilimani kwenye baridi watu hulazimika kuweka muvure karibu na moto. Hakipendi hewa: oksijeni ikizidi, jeni hunyamaa. Majani ya mgomba yaliyotandazwa juu ya muvure yakabanwa kwa vijiti yanaizuia hewa mpya, na hewa ukaa inayotoka kwenye pombe, kwa kuwa ni nzito, inalala hapo hapo chini ya majani.

Hakipendi mafuta pia. Asidi za mafuta zile laini, oleiki na linoleiki, zinalinyamazisha ATF1 bila huruma, na nusu ya mawese ni hizo mbili. Katika nchi ambako kila nyumba ina chupa ya mawese na kila sufuria imewahi kuguswa nayo, muvure ni chombo kisichofanya kazi nyingine. Haupikiwi, haulishiwi mifugo. Hukwanguliwa, husuuzwa, huanikwa juani, basi.

Na kuna kina. Viwanda vikubwa vya bia vilipojenga matangi marefu katika karne iliyopita, vilishangaa kuona harufu ya matunda imepungua. Kimo cha mita 20 za kimiminika huongeza chini ya tangi shinikizo la kama angahewa mbili, hewa ukaa nyingi zaidi hubaki imeyeyuka, na hamira iliyobanwa hivyo hutoa esta kidogo. Wakabaki wakirekebisha joto na hewa ili kurudisha kilichopotea. Muvure una kina cha kiganja kimoja au viwili. Hewa ukaa inatoka ndani ya pombe bila kizuizi chochote. Sina sababu ya kudai kwamba aliyechonga gogo la kwanza alikuwa akiwaza esta. Alichonga alichoweza kubeba na kukandia ndani yake. Ila waliokuja baadaye walikuwa na pua, na chombo kilichotoa pombe mbaya hakikuigwa.

Kwa nini hamira ijisumbue? Asetili hiyo haipatikani bure. Chembe huibeba juu ya kibebeo kiitwacho koenzimu A na kuilipia kwa nguvu yake. Jibu zuri kuliko yote niliyosoma lilitoka Leuven, Ubelgiji, mwaka 2014. Kundi la Kevin Verstrepen liliiondolea hamira jeni la ATF1 na kuwaacha nzi wadogo wa matunda wachague. Nzi walivutiwa kidogo sana na hamira hiyo bubu, wakaiendea ile yenye harufu, na hamira yenye harufu ndiyo iliyosambazwa zaidi miguuni mwao. Hamira haina mabawa. Inanukia ili ibebwe. Fundi wa Kabonga anayepunga mkono kufukuza vile vijinzi vinavyozunguka muvure anafukuza wabebaji waliopewa mwaliko, na pengine hao hao ndio walioileta hamira ya wiki iliyopita kutoka ganda moja la ndizi hadi jingine. Hakuna pakiti ya hamira ya dukani katika kazi hii. Kuna muvure ulioloweshwa na pombe miaka na miaka, kuna mtama, kuna nzi.

Lakini harufu haikai. Hili ndilo linaloifanya kazi kuwa ya ufundi. Miligramu moja na kidogo ya asetati ya isoamili katika lita moja inatosha pua kuitambua, na kiasi kidogo hivyo huondoka upesi: nyingine huruka na hewa ukaa, nyingine huvunjwa na vimeng'enya vya hamira ile ile, kwa sababu chembe iliyofunga esta inao pia uwezo wa kuifungua. Wakati huo huo majani yakilegea hewa huingia, na bakteria wa siki huanza zamu yao. Asidi yao hukutana na alkoholi ikazaa esta nyingine, asetati ya ethili, ambayo kidogo yake ni tunda na nyingi yake ni rangi ya kucha. Kati ya umutobe usiokomaa na siki kuna dirisha la siku moja, mara nyingi pungufu. Fundi hulifuata kwa sikio, pua na ulimi: povu linapoanza kupasuka polepole, utamu unapobaki nyuma ya ulimi na si mbele, anaita watu. Kinatoka kibuyu au ndoo, zinajazwa chupa za bia za sentilita 72 zilizokwisha kuoshwa, na mrija mmoja unazunguka.

Wavuvi ni wateja wazuri. Ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili, huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi mpevu ukiwaka taa hazina maana, mitumbwi inalala. Anayepika kwa ajili yao hana budi kuhesabu kinyumenyume: siku mbili za muvure, nne za shimo, siku ya kuteremsha ndizi. Akikosea siku moja anawauzia umutobe watu wanaotaka pombe, au siki.

Ukipanda kaskazini hadi Rumonge unakuta kazi iliyo kinyume cha hii, na nadhani mtu hawezi kuelewa esta vizuri bila kuziona zote mbili. Rumonge ni mji wa michikichi. Mafuta ya mawese yenyewe ni esta: asidi tatu za mafuta zimefungwa kwenye gliseroli moja. Ndani ya nyama ya chikichi kuna lipasi, kimeng'enya kinachofungua vifungo hivyo, na kinaamka mara tunda linapochubuka. Wakamuaji wadogo huacha mashada yalale siku kadhaa ili chikichi ziachie kirahisi, na ukungu unaoota humo unaleta lipasi zake pia. Kila siku inayopita esta zinavunjika, asidi huru inapanda. Soko la kimataifa huweka kikomo cha asilimia 5. Kuchemsha chikichi mapema huua lipasi. Ndio ujuzi wote, kujua lini usisubiri tena. Kwa sabuni haina shida, magadi hayajali asidi huru. Kwa mchuzi ni shida kubwa.

Kinachoshangaza ni kwamba lipasi hiyo hiyo, ikigeuzwa, hufunga. Kwa muda mrefu wakemia walitengeneza esta kwa njia ambayo Emil Fischer na Arthur Speier waliieleza mwaka 1895: asidi, alkoholi, tone la asidi kali, na moto. Fischer ndiye aliyesema, mwaka mmoja kabla, kwamba kimeng'enya na kitu kinachofanyiwa kazi vinaingiana kama ufunguo na kufuli. Hakuna ushahidi kwamba aliwaza kutumia ufunguo huo kufunga badala ya kufungua. Kikwazo ni maji. Penye maji lipasi huvunja esta. Maji yakiondolewa haina cha kuvunjia, basi huunganisha. Mwaka 1984 Aleksey Zaks na Alexander Klibanov, wakiwa Marekani, walionyesha kwamba lipasi ya kongosho la nguruwe, ikiwekwa katika kimiminika kisicho na maji karibu kabisa, inavumilia hata nyuzi 100 na bado inafanya kazi. Wengi walikuwa wakiamini kwamba kimeng'enya nje ya maji ni mzoga.

Leo lipasi inayotumiwa sana kwa esta za ladha hutoka kwa kijiumbe kiitwacho Candida antarctica, kilichopatikana katika Ziwa Vanda huko Antaktika, ziwa ambalo barafu haiondoki juu yake. Kimeng'enya cha mahali hapo hufanya kazi kwa raha kwenye nyuzi 60 na zaidi. Hugandishwa juu ya chembechembe za plastiki, asidi ya siki na alkoholi ya isoamili hupitishwa juu yake, maji yanayozaliwa hufyonzwa mara moja, na kinachotoka ni ile ile harufu ya siku ya pili. Hamira hufanya kazi ndani ya maji kwa sababu inalipa kwa nguvu. Lipasi hailipi, kwa hiyo inabidi mtu aikaushie. Kwa macho yangu hamira ndiyo fundi zaidi, ingawa lipasi ndiyo inayojaza mapipa.

Mapipa hayo yanauzwa ghali kwa sababu ya sheria. Kanuni namba 1334 ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2008, inaruhusu ladha iitwe ya asili ikiwa malighafi yake ni ya mimea, wanyama au vijiumbe na imetengenezwa kwa vimeng'enya, kwa uchachu au kwa njia za kimwili kama kuvukiza. Ya Fischer, pamoja na tone lake la asidi kali, haiitwi hivyo. Pua haioni tofauti, bei inaiona.

Na malighafi? Alkoholi ya isoamili hupatikana kwa wingi katika mafuta machafu yanayobaki viwandani pombe inapokenekwa. Biashara hii si mpya: kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851 mkemia August Wilhelm Hofmann alikuta harufu za matunda za bandia zikionyeshwa, na ile ya pera ilikuwa imetengenezwa kutokana na mabaki hayo hayo. Pwani ya Tanganyika mabaki hayo yapo pia. Urwarwa uliopitisha siku yake, ukiwa haujawa siki kabisa, mara nyingine huishia kwenye pipa la kanyanga, pombe ya moto ambayo serikali imeipiga marufuku. Alkoholi ya isoamili ambayo hamira haikuwahi kuibandika asetili inavuka na mvuke ikaingia chupani, na anayeinywa husema anaisikia kesho yake, kichwani.